Nani ataamua mgongo? Njia nne za kumtoa mhusika wako karatasini hadi 3D

Mchoro wa mtu kwenye karatasi una upande mmoja tu. Mchore muuza samaki wa soko la Gikomba akiwa ameinua mkono kuita wateja, beseni limekaa kiunoni, leso imefungwa juu ya gauni, kiremba kimekaza kichwani. Umefanya kazi nzuri, lakini hujasema lolote kuhusu mgongo wake, wala fundo la leso limekaa wapi, wala misuko inashukaje nyuma ya shingo. Karatasi haikuulizi mambo hayo. Kompyuta itakuuliza. Modeli ya 3D huzungushwa, na kila mahali ambapo kalamu haikufika lazima mtu aamue, au mashine iamue kwa niaba yake.

Wachoraji wengi hapa Nairobi hukwama hapo. Rafiki mmoja amemwambia mchoraji ajifunze programu ya Blender. Mwingine amemwambia achonge kwenye tableti. Rafiki wa tatu amemwonyesha tovuti inayogeuza picha kuwa modeli kabla chai haijapoa. Wote watatu wamemwambia kweli, na bado hajui aanzie wapi, kwa sababu hakuna aliyemuuliza anataka kumfanyia nini mhusika huyo.

Hapa nalinganisha njia nne: kujenga kwa poligoni, kuchonga kidijitali, kuanzia mwili ulio tayari, na kuiachia akili unde. Nitazipitisha zote kwa huyo huyo mama wa samaki, ili tofauti zionekane kwenye mtu mmoja.

Vipimo nitakavyotumia

Cha kwanza, na kwangu ndicho kikubwa, ni uaminifu kwa mchoro: nani anaamua upande usiochorwa, na je, mhusika akigeuka bado ni yule yule? Cha pili ni mashine na pesa, pamoja na bando na stima, maana ushauri ulioandikwa kwa mtu mwenye kompyuta ya kifahari hauna faida kwa mwenye laptopu ya mtumba kutoka mtaa wa Luthuli. Cha tatu ni muda wa kujifunza. Cha nne ni kinachotoka mwishoni: modeli itatembea kwenye katuni au gemu, itachapishwa iwe sanamu ya kushikika, au inatafutiwa picha moja tu ya bango?

Kazi ya karatasi kwanza

Njia yoyote utakayochagua, saa moja ya penseli itakuokolea siku nyingi za kipanya. Mchore mhusika upya akiwa wima, mikono imeachana na mwili kwa kuinama kidogo kuelekea chini, vidole vimetengana. Mchore mbele, kisha ubavuni, pembeni mwa mchoro wa kwanza. Pitisha mistari mirefu ya rula kwenye michoro yote miwili: utosini, kidevuni, mabegani, kiunoni, magotini, nyayoni. Kidevu kikiwa juu ya mstari kwa mbele na chini yake kwa ubavu, utakuja kupigana nacho kwenye skrini bila kujua kosa liko wapi.

Kisha mchore kwa nyuma, hata kwa mistari ya haraka. Hapo ndipo utagundua kama fundo la leso liko kiunoni kulia au katikati.

Ukipiga picha kwa simu, usiisogeze simu karibu na karatasi. Lenzi ya simu ikiwa karibu huvuta katikati na kupinda kingo, na mhusika wako atapata kitambi ambacho hukumchorea. Bandika karatasi ukutani karibu na dirisha, rudi nyuma, vuta picha kwa kukuza, na simu iwe sambamba na karatasi.

Njia ya kwanza: kujenga kwa poligoni

Hapa unaweka michoro yako ndani ya programu kama Blender, wa mbele ukitazama kwa mbele na wa ubavu ukitazama kwa ubavu, kisha unajenga mwili kwa vipande bapa vya pembe nne, ukifuata mistari ya mchoro. Unaanza na boksi, unalivuta liwe kiwiliwili, unatoa shingo, unatoa bega, unatoa mkono.

*Uaminifu kwa mchoro.* Hakuna njia inayoshinda hii kwa utiifu. Kila nukta imekaa pale ulipoiweka, na kama mchoro wako una mstari wa taya wenye kona fulani, kona hiyo itakuwepo. Lakini utiifu huo unakudai: usipokuwa na mchoro wa ubavu, utakisia kina, na mgeni wa kazi hii karibu kila mara hukisia uso uwe bapa. Tazama pua na midomo ya mama wetu. Kwa mbele, midomo ni umbo tu. Kwa ubavu ndipo inapojulikana imejaa kiasi gani, na hapo ndipo mhusika wa Kiafrika huokolewa au hupotea. Masomo mengi ya mtandaoni hutumia uso wa Kizungu, na ukifuata hatua zake bila kuangalia mchoro wako, utajenga uso wa mtu mwingine ukaupaka rangi ya kahawia.

Kuna zana mbili za kuzifahamu mapema. Kirekebishi kiitwacho Mirror hujenga upande wa pili wa mwili unapojenga mmoja, kwa hiyo kazi hupungua kwa nusu. Kingine, Subdivision Surface, hulainisha umbo la vipande vichache lionekane laini. Hesabu yake ilitolewa na Edwin Catmull na Jim Clark mwaka 1978 na bado ndiyo inayotumika. Jenga kwa vipande vichache kadiri unavyoweza, uiachie hesabu hiyo ilainishe. Wanaoanza huongeza vipande mapema, na uso ukishakuwa na nukta elfu moja haunyooki tena.

*Mashine na pesa.* Blender ni ya bure, na si ya kujaribu kwa mwezi mmoja. Mwaka 2002 watumiaji walichanga euro 100,000 ili programu hiyo iwe wazi kwa wote, na imebaki hivyo. Matoleo mapya yanataka angalau RAM ya GB 8. Laptopu ikiwa ya zamani kiasi kwamba toleo jipya linakataa kufunguka, pakua la 3.6 la mwaka 2023 kutoka tovuti yao, linatosha kabisa kwa kazi hii. Ukishalipakua, huihitaji intaneti tena. Laptopu nyingi hazina vitufe vya namba upande wa kulia, na Blender hutumia namba hizo kugeuza mtazamo: 1 ni mbele, 3 ni ubavu. Ingia kwenye mapendeleo, uwashe Emulate Numpad, na namba za juu zitafanya kazi hiyo.

*Kujifunza.* Hapa ni polepole. Wiki za kwanza mikono haitii, na kile unachokiona kichwani hakitoki. Anayetaka matokeo Jumamosi hii asianzie hapa.

*Kinachotoka.* Modeli safi, nyepesi, iliyo tayari kutiwa mifupa ya kidijitali ya kuisogeza. Mistari ya vipande ikizunguka macho, mdomo, viwiko na magoti, viungo vitapinda vizuri. Waundaji wa gemu hupenda modeli ya namna hii.

*Inamfaa nani.* Mwenye subira, mwenye laptopu ya kawaida, anayetaka mhusika atembee na azungumze, na anayetaka ufundi utakaomlisha baadaye.

Njia ya pili: kuchonga

Unaanza na tufe, unalisukuma, unalibana, unaongeza na kukwangua mpaka uso utokee. Blender ina sehemu ya kuchonga ndani yake. ZBrush ndiyo programu iliyozoeleka kwenye studio kubwa, na tangu 2024 iko pia kwenye iPad. Nomad Sculpt hufanya kazi kwenye iPad na kwenye tableti na simu za Android.

*Uaminifu kwa mchoro.* Mchongo hauufuati mstari wako kwa rula. Unafuata kile mstari ulichokuwa unajaribu kusema, na kwa mchoraji mwenye mkono mzuri hilo mara nyingi huleta uhai zaidi. Shavu la mama wa samaki anapoita mteja, mkunjo wa ngozi pembeni mwa jicho, uzito wa leso inavyovutwa na fundo: vyote hivi hutoka haraka kwa kuchonga kuliko kwa kusogeza nukta. Mgongo unauamua wewe kwa mkono, ukizungusha mwili kila mara. Zungusha sana. Mchoraji wa karatasi huvutwa kuchonga upande ule ule aliouchora, halafu akigeuza anakuta kichwa ni chembamba kama sahani.

Misuko inastahili neno lake. Usiichonge kama sehemu ya kichwa. Tengeneza msuko mmoja peke yake, kama kitu chake, kisha unakili na kuupinda kufuata mistari ya nywele ulivyoichora. Ukijaribu kuikwangua moja kwa moja kwenye fuvu, itatoka kama matuta ya shamba. Mtu yeyote aliyewahi kukaa saluni saa nne anajua mistari ile inaanzia wapi na inaishia wapi, na ataona.

*Mashine na pesa.* Mchongo hufikia vipande laki kadhaa, hata mamilioni, na RAM ndiyo inayobeba. Kipanya kinawezekana lakini kinachosha, kwani hakijui umekikandamiza kiasi gani. Ubao mdogo wa kalamu unaochomekwa kwa USB hubadilisha kazi nzima. Mwenye tableti nzuri yenye kalamu tayari ana karakana: Nomad hulipiwa mara moja, ilhali ZBrush ni ya kulipia kila mwezi au mwaka, kwa dola. Na tableti ina faida moja kubwa mjini hapa. Stima ikipotea, unaendelea.

*Kujifunza.* Raha huja mapema. Kwa anayechora tayari, siku ya kwanza kitu kinatokea. Ustadi wa kweli unahitaji anatomia, na huo ni mwaka, si wikendi.

*Kinachotoka.* Kwa sanamu ya kuchapishwa au picha ya bango, mchongo uko tayari. Kwa katuni na gemu bado ni nusu ya kazi, kwani wavu wake, yaani vipande vyote vinavyounda umbo, ni mzito na haukupangwa kufuata viungo. Lazima ujenge wavu mpya mwepesi juu yake, kazi ya kujirudia inayohitaji njia ya kwanza. Mtu akikuambia kuchonga kutakuepusha na poligoni, muulize kwanza kama mhusika wake amewahi kukunja kiwiko.

*Inamfaa nani.* Mwenye mkono wa kuchora na kalamu ya kidijitali, anayejali sura na hisia kuliko mwendo.

Njia ya tatu: kuanzia mwili ulio tayari

MakeHuman ni programu ya bure inayokupa mwili wa binadamu uliokamilika, nawe unausogeza kwa vitelezi: umri, unene, urefu, upana wa pua, umbo la midomo, asili ya mwili. Kisha unautoa, unaupeleka Blender, unauvisha.

*Uaminifu kwa mchoro.* Kama mchoro wako una vipimo vya binadamu wa kawaida, utashangaa jinsi unavyoukaribia. Kama umechora kichwa kikubwa na miguu myembamba ya katuni, vitelezi vitafika mwisho kabla hujafika mchoroni. Mgongo hapa umeamuliwa na wastani wa miili mingi, na ni mgongo sahihi wa kianatomia, ila hauna tabia. Hatari yake ni kwamba wahusika wako wote hufanana kama ndugu.

*Mashine na pesa.* Bure, na nyepesi kuliko zote zinazofanyika kwenye kompyuta yako. Modeli unazozitoa hazina masharti, unaweza kuziuza.

*Kujifunza.* Alasiri moja kwa mwili. Nguo ndiyo kazi: leso utaitengeneza mwenyewe kwa kitambaa cha Blender, na kiremba kwa mkono.

*Kinachotoka.* Wavu safi na mifupa iliyo tayari. Ni vigumu kupata mwanzo mzuri zaidi kwa mtu anayetaka umati wa sokoni nyuma ya mhusika mkuu.

*Inamfaa nani.* Mchoraji wa mtindo halisia, mwalimu, mbunifu wa mavazi, na yeyote anayehitaji watu wengi kwa muda mfupi.

Njia ya nne: akili unde

Unapakia picha, unasubiri, unapata modeli yenye rangi. Mwezi wa Machi 2024 kampuni za Stability AI na Tripo AI zilitoa TripoSR, wazi na ya bure, na tangu hapo huduma za mtandaoni za aina hii zimeongezeka. Meshy ni mojawapo.

*Uaminifu kwa mchoro.* Kwa upande uliouchora, mara nyingi inapendeza. Mgongo ndio mashine inaubuni kutokana na picha ilizofunzwa. Ipe mashine mama wetu aliyechorwa kwa mistari mitupu bila kivuli, na anaweza kurudi akiwa bapa kama biskuti, kwa sababu mistari peke yake haiiambii mashine kina kiko wapi. Mtie vivuli kwanza, ondoa kila kitu cha nyuma, mpe mwili mzima, na matokeo yatabadilika sana. Huduma nyingine hupokea pia picha ya ubavu na ya nyuma, na hapo ile saa moja ya penseli inalipa.

Vidole vikiwa karibu huungana. Beseni likigusa kiuno huota kutoka kwenye nyonga. Misuko huwa donge. Na leso! Kama umeandika kwa mkono "Haba na haba hujaza kibaba" kwenye upindo wake, tarajia maneno yarudi yakiwa mikwaruzo inayofanana na herufi. Kwa wasomaji wetu, leso isiyosomeka ni leso iliyokosewa. Paka maandishi hayo mwenyewe baadaye, juu ya modeli.

*Mashine na pesa.* Kazi nzito hufanyika kwenye mitambo yao, kwa hiyo hata simu inatosha. Bando linakwenda kidogo kwenye kupakia na zaidi kwenye kupakua. Huduma nyingi hukupa majaribio machache ya bure, kisha hulipisha kwa kadi. Soma masharti kabla ya kupakia mchoro unaoupenda. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaulinda mchoro wako bila hata kuusajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, lakini kwenye baadhi ya huduma modeli ya bure huwekwa wazi kwa umma, na wewe ndiye uliyebofya kukubali.

*Kujifunza.* Karibu hakuna. Ujuzi uko kwenye kuandaa picha na kujua kukataa matokeo mabaya.

*Kinachotoka.* Wavu wa pembetatu nyingi zisizo na mpangilio, na mara nyingi kivuli cha mchoro kimepakwa kwenye rangi, kwa hiyo ukiwasha taa upande mwingine mhusika ana vivuli viwili vinavyopingana. Kwa picha ya mbali au rasimu ya kumwonyesha mteja, inatosha. Kwa kiwiko kinachokunjwa karibu na kamera, haitoshi bila kazi ya kurekebisha.

*Inamfaa nani.* Anayehitaji rasimu leo, na mchoraji anayetaka kuuona mchoro wake ukizunguka kabla ya kuujenga kwa njia nyingine.

Kulingana na hali yako

Ukiwa mwanafunzi mwenye laptopu ya GB 8 na ndoto ya kufanya kazi studioni, nenda njia ya kwanza, na usianze na mtu. Jenga beseni, jenga kibanda, jenga samaki, kisha uje kwa mama mwenyewe. Waajiri hutazama mpangilio wa wavu, na huo haufichiki.

Ukiwa unachora kwa tableti tayari na unapata kazi za mabango na majalada, chonga. Huna sababu ya kuanza upya na kipanya. Siku mteja atakapoomba mhusika huyo huyo asogee, shirikiana na mtu wa njia ya kwanza mgawane malipo.

Ukiwa na hadithi ya dakika mbili na tarehe ya kuwasilisha inakaribia, changanya. Mhusika mkuu mjenge au mchonge mwenyewe, watu wa nyuma watoke MakeHuman, vitu vya sokoni vya mbali viachie akili unde. Mifupa ya wahusika wenye umbo la binadamu unaweza kuitia bure kwenye Mixamo ya Adobe: unapakia modeli, unaonyesha kidevu, vifundo vya mikono, viwiko, magoti na kinena, inafanya iliyobaki. Gauni pana litavutwa na miguu kana kwamba ni suruali, kwa hiyo mpakie mama bila leso, umvishe baadaye.

Ukitaka kumshika mkononi, iwe zawadi au bidhaa ya kuuza, chonga au tumia akili unde, kisha kabla ya kupeleka faili la STL, lile la kuchapishia 3D, kwenye karakana kama FabLab ya Chuo Kikuu cha Nairobi, hakikisha wavu hauna tundu na leso ina unene. Kitambaa cha kidijitali hakina unene wowote, na kisicho na unene hakichapiki. Vidole vyembamba na ncha za misuko vinenepeshe kuliko jicho linavyopenda.

Na kama una mchoro mmoja tu, wa zamani, hauna ubavu wala mgongo, na aliyeuchora hayupo wa kumuuliza, usiukimbize kwenye mashine kwanza. Mchore nyuma yake wewe, kwa penseli, umwonyeshe mtu anayewajua watu wa aina hiyo: muuza samaki mwenyewe, msusi, fundi wa gauni. Watakuambia fundo linakaa upande gani. Baada ya hapo njia yoyote kati ya nne itakufikisha.